Anza na dirisha

Nimehama nyumba mara nne, na katika zile tatu za mwanzo nilirudia kosa lile lile: niliingiza vitu kwanza, mwanga nikaukumbuka baadaye. Kochi liliegemezwa kwenye ukuta mrefu kwa kuwa ndipo lilipoenea. Chungu cha mrehani nikakiweka juu ya kabati kwa kuwa kilipendeza pale, na rafu ya vitabu ikakaa mkabala na dirisha. Kabla ya mwaka kwisha mrehani ulikuwa umekauka, migongo ya vitabu imepauka kwa jua, nami nasomea kitandani, kitabu nimekielekeza kwenye balbu ya darini. Nyumba ya nne niliianza kwa siku nzima ya kutazama jua tu. Tangu hapo nasoma zaidi, napika kwa raha, na mimea yangu iko hai. Nilifanya hivi.

Chukua chaki, chagua siku ya mapumziko isiyo na mawingu, na kabla hujasogeza hata kigoda, chora. Saa 2 asubuhi zungushia chaki eneo la sakafu linalopigwa na jua, uandike saa pembeni. Rudia saa 5, saa 8 na saa 10 jioni. Mchoraji wangu alikuwa mpwa wangu wa miaka 9. Hadi jioni sakafu ilikuwa na visiwa vinne vilivyotambaa kutoka mlango wa jikoni hadi karibu na kabati, naye alikuwa ameshaniambia kiti kikae wapi. Alikuwa sahihi. Miezi sita baadaye chora tena, kwa sababu njia ya jua angani huhama, na kisiwa cha saa 8 huenda kikawa kimepanda ukutani.

Kwa sehemu zisizofikiwa na jua la moja kwa moja, tumia kiganja. Laza karatasi nyeupe pale unapofikiria kuweka mmea, na adhuhuri inua kiganja sentimita 30 hivi juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, vidole vyahesabika, mwanga ni mwingi. Kikiwa kama ukungu tu, mmea wa jikoni hautafurahi hapo. Usiyaamini macho katika hili. Mboni hujipanua gizani na kujibana kwenye nuru, kwa hiyo chumba kizima huonekana kina mwanga sawasawa, ilhali hatua mbili tatu kutoka dirishani umeshapungua mno.

Baada ya kuchora, kiti ndicho cha kwanza kuingia. Kiweke ubavu kwa dirisha. Ukilipa dirisha uso, mng'ao utakuchosha macho. Ukilipa kisogo, kivuli chako mwenyewe kitaangukia ukurasa. Kama huandika pembeni mwa vitabu kwa mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto, na anayetumia wa kushoto ageuze. Karibu na kiti pawe na meza ndogo ya kuwekea kikombe na kitabu kilichofunguliwa, yenye kimo cha mkono wa kiti, ili usilazimike kuinama. Usiku, taa ya kusomea isimame nyuma ya bega upande ule ule wa dirisha. Mimi natumia balbu yenye nuru ya manjano, ile iliyoandikwa 2700K. Zile za 6500K zina weupe wa bluu, nzuri kwa kushonea au kuchambua mchele, lakini kwangu zinaondoa utulivu wa jioni.

Mapazia yalinishangaza kuliko yote. Fimbo yangu ya zamani ililingana na upana wa dirisha, hivyo hata pazia likifunguliwa lilibaki limefunika kipande cha kioo kila upande. Niliweka fimbo inayopita dirisha kwa sentimita 20 kushoto na 20 kulia, pazia likikusanywa linalala ukutani, na chumba kikawa kama kimeongezewa dirisha jingine.

Rafu ya vitabu iweke kwenye ukuta ule ule wenye dirisha. Jua linaloingia kupitia dirisha hilo haliwezi kugeuka likaupiga ukuta lilikotokea, kwa hiyo vitabu vitakaa karibu na kiti bila kupauka. Ukuta ukiwa wa nje na una unyevu, acha nafasi ya vidole vitatu nyuma ya rafu hewa ipite. Vitabu usivisonge mpaka kukitoa kimoja kuwe ni kuking'oa.

Rangi ya ukuta ije mwisho. Paka karatasi kubwa mikono miwili ya rangi unayoifikiria, ibandike, uihamishe ukuta hadi ukuta kwa siku mbili, uitazame asubuhi na chini ya taa. Ukuta wa pembeni mwa dirisha hupigwa na mwanga wa mshazari unaofichua kila kibonge cha plasta, basi hapo chagua rangi isiyong'aa.

Sasa ukingo wa dirisha, mahali ninapopapenda kuliko pote nyumbani. Nina vyungu vitatu: mrehani, mnanaa na rozimeri. Mrehani unataka jua, saa sita kwa siku au zaidi, na huchukia baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 za selisiasi majani huanza kuwa meusi. Ndiyo maana hata matawi uliyokata hayafai kuwekwa kwenye friji. Yasimamishe kwenye glasi ya maji kama maua. Mnanaa huridhika na jua la asubuhi peke yake, lakini upe chungu chake, maana mashina yake hutambaa chini ya udongo na kumeza majirani. Rozimeri inapenda udongo ukauke vizuri kabla ya kunyweshwa tena.

Kama umenunua mrehani kwenye kikopo, tazama chini ya majani. Mara nyingi si mmea mmoja, ni miche kumi au ishirini iliyosongamana ikigombania maji. Loanisha udongo, itenganishe taratibu katika mafungu manne, na kila fungu lipate chungu chake. Chungu kiwe na tundu chini. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hutanguliza kokoto wakidhani zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake ulowe chepechepe, kwa hiyo unachofanya ni kuuinua ule udongo wa majimaji uikaribie mizizi. Jaza udongo uliochanganywa na mboji kuanzia chini. Tundu likiwa kubwa liwekee kigae kimoja au kipande cha wavu.

Mimea mingi ya ndani hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Kwa hiyo usinyweshe kwa ratiba. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukigusa unyevu, subiri. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Wiki chache zikipita utajua kwa kuinua tu, chungu chenye kiu huwa chepesi mkononi.

Kuvuna ndiko kupogoa. Usinyofoe majani makubwa ya chini ukaacha shina refu lenye kichwa. Kata kilele, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotazamana, na kwenye makwapa ya majani hayo yatachipuka matawi mawili. Maua yakianza kujitokeza yakate, kwa kuwa mmea ukishaingia kwenye kuzaa mbegu hupunguza majani.

Majani hayo yaende jikoni siku hiyo hiyo. Supu yangu ya kila wiki ni ya dengu ndogo nyekundu, wengine huziita adesi, nayo inahitaji sufuria moja tu. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta vijiko viwili, moto mdogo, dakika 10. Ongeza punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa na kijiko kidogo cha bizari nyembamba, koroga mpaka harufu ipande. Tia kikombe kimoja cha dengu zilizooshwa na vikombe vinne vya maji. Kama unatumia rozimeri, kijitawi kimoja kiingie sasa, kwani majani yake magumu yanastahimili moto. Nyanya usitie bado: uchachu huchelewesha dengu kulainika. Acha mfuniko wazi kidogo, la sivyo povu litafurika.

Zitaiva kwa dakika 15 hadi 20, na hapo ndipo kitabu kinapoingia. Mimi hukaa kwenye kigoda jikoni, sufuria nikiisikia, nikasoma kurasa kumi hivi. Dengu zikishavurugika, weka nyanya mbili zilizokatwa na chumvi, dakika 5 zaidi. Epua, ndipo ukamulie nusu ndimu na kuchanachana mrehani juu. Ukiutia mrehani mapema, harufu yake itatoka na mvuke na utabaki na majani meusi tu.

Kurasa kumi za jikoni na kumi za kitini kila siku huimaliza riwaya ya kurasa 300 kwa siku 15. Kitabu kiache juu ya kiti chenyewe, si rafuni, ili ukitaka kukaa lazima ukishike. Simu ilale chumba kingine. Na kitabu kisichokushika kufikia ukurasa wa 50, kirudishe bila kujilaumu uchukue kingine.

Lile tawi la mrehani ulilokata refu kupita mahitaji ya supu, liondolee majani ya chini na ulisimamishe kwenye glasi ya maji dirishani, lisipigwe na jua kali. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Wiki moja au mbili zikipita utaona mizizi myeupe. Ikifika sentimita 3, ihamishie kwenye udongo. Mpwa wangu ameshabeba vyungu viwili kwenda kwao, na juzi aliniomba chaki.