Jinsi ya kupima tovuti kwa ajili ya watu wenye ulemavu: anza kwa kuchomoa kipanya

Juzi nilikaa kutwa nzima na mwenzangu wa kazi tukihangaika na fomu moja ya usajili. Mtumiaji asiyeona alikuwa ametuandikia malalamiko ya mstari mmoja: "Nikibonyeza Tuma, kimya." Mwenzangu alikuwa ameshaipitisha fomu hiyo kwenye programu ya kupima, na programu haikuonyesha kosa hata moja. Kwenye skrini ujumbe mwekundu wa kosa ulionekana vizuri kabisa. Lakini yule mtu alisema kweli. Nimeandika mwongozo huu kwa mpangilio uleule tuliofuata mpaka tukalipata tatizo, na mpangilio wenyewe una maana, kwa hiyo usirukie hatua ya 4 kabla ya kupita ya 2.

Unahitaji kompyuta ya Windows, Firefox au Chrome, na NVDA. Hiki ni kisoma skrini cha bure (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. JAWS ni nzuri pia ila ni ya kulipia, na kwa kazi ya kupima sioni haja ya kuanza nayo. Mwenye Mac anayo VoiceOver tayari, inawashwa kwa Command+F5. Kwenye Mac angalia jambo moja mapema: Safari, jinsi inavyokuja, huvipita viungo unapobonyeza Tab mpaka uiruhusu kwenye mipangilio yake ya ndani. Watu huandika ripoti nzima za makosa ambayo hayapo kwa sababu hiyo.

Kipimo ninachotumia ni WCAG 2.2, mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, uliotoka Oktoba 2023. Lenga kiwango cha AA, cha katikati kati ya vitatu: A, AA na AAA.

Hatua ya 1: Chagua safari, usichague kurasa

Andika kwa sentensi moja kile mtu anachokuja kufanya: kujisajili, kutafuta kitu, kulipa, kuomba nafasi. Pima safari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa mbele huwa umeshapambwa. Watu hukwama ndani.

Hatua ya 2: Kibodi peke yake, kisoma skrini kikiwa kimezimwa

Chomoa kipanya. Kichomoe kweli, maana mkono huenda wenyewe. Tab inakupeleka mbele, Shift+Tab inakurudisha, Enter inafungua kiungo, kitufe cha nafasi kinatia tiki, mishale inatembea ndani ya menyu, Esc inafunga dirisha ibukizi.

Kwanza, je, unaona ulipo kila wakati? Wanaprogramu huita mahali hapo fokasi. Wasanifu wengi huuondoa ule mstari unaozunguka kitu kilichofikiwa kwa sababu hawaupendi, na mtu asiyeweza kushika kipanya anabaki akipapasa. Ukikuta outline: none kwenye msimbo bila mbadala wowote, hilo ni kosa tayari, liandike. Angalia pia kama upau uliogandishwa juu au chini ya ukurasa haufuniki kitu chenye fokasi. Sharti hilo limeongezwa katika toleo la 2.2. Pili, je, unaweza kutoka kila ulikoingia? Kalenda za kuchagulia tarehe na video zilizopachikwa ndizo hunasa watu mara nyingi. Tatu, dirisha ibukizi likifunguka, fokasi inaingia ndani yake? Na ukilifunga, inarudi kwenye kitufe ulichobonyeza, au inatupwa juu kabisa ya ukurasa?

Sasa nieleze kwa nini kisoma skrini kinapaswa kuwa kimezimwa. Kuna vitufe vya bandia: div, yaani kisanduku kitupu cha HTML, iliyopakwa rangi ikafanana na kitufe, kisha ikapewa onclick, amri ya kuitikia mbofyo. Kwa kibodi tupu, Tab inaipita kama haipo. Lakini washa NVDA, shuka kwa mshale hadi juu yake, nayo itaitaja kuwa ni kitu cha kubofya, na Enter itafanya kazi kwa sababu NVDA inatuma mbofyo kwa niaba yako. Ukianza na kisoma skrini, utaandika "sawa" mahali ambapo mtu anayeona vizuri lakini mikono yake inatetemeka hawezi kabisa kupita. Dawa ni kutumia button halisi. Sijawahi kukutana na sababu nzuri ya kutengeneza kitufe kwa div.

Hatua ya 3: Kuza ukurasa

Weka dirisha liwe na upana wa pikseli 1280, kisha ukuze hadi 400%. Ni sawa na upana wa pikseli 320. Maandishi yajipange upya kwenye safu moja, na msomaji asilazimike kusogeza kulia na kushoto kila mstari. Ramani na majedwali makubwa yamesamehewa.

Hatua ya 4: Kisoma skrini

Hapa ndipo siku yetu ilipokwisha, kwa hiyo nitakawia.

Kabla ya chochote, jua namna ya kuinyamazisha NVDA: Ctrl hukata sentensi inayosomwa, Insert+Q huifunga. Kama kompyuta yako haina Insert, chagua Caps Lock ishike nafasi yake. Punguza kasi ya sauti mpaka uelewe kila neno. Halafu bonyeza Insert+N, ingia kwenye menyu ya zana, ufungue Speech Viewer. Ni dirisha dogo linaloandika kila neno linalotamkwa. Kwangu mimi hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, kwa sababu sikio la mtu asiyezoea hupoteza mengi, na kwa sababu maneno hayo unaweza kuyanakili moja kwa moja kwenye ripoti.

Sikiliza lugha kwanza. Kurasa nyingi za Kiswahili hujengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza, na alama ya lugha, lang="en", inabaki pale juu bila mtu kuigusa. Kisoma skrini kinachofuata alama hiyo kitaisoma "pole" kama "poul", na "mate" kama "meit". Maneno yote yapo, hakuna linaloeleweka. Badilisha iwe lang="sw", na kama kuna aya ya lugha nyingine katikati, ipe alama yake. Kazi ya dakika moja, na ukurasa unageuka kuwa wa kusikilizika.

Kisha bonyeza H mara kadhaa. Unaruka kutoka kichwa hadi kichwa, jinsi watu wengi wasioona wanavyoupitia ukurasa kwa haraka. Je, ukisikia vichwa tu unajua ukurasa unahusu nini? Insert+F7 itakupa orodha ya viungo vyote. Ukisoma "bonyeza hapa, bonyeza hapa, soma zaidi" mara kumi, umepata kosa. Picha zisomwe kwa maelezo yenye maana, na picha za urembo ziwe na alt="", yaani sehemu ya maelezo iliyoachwa tupu, ili zipitwe kimya.

Sasa fomu. Lazima uelewe kwamba NVDA ina hali mbili. Katika hali ya kuvinjari, herufi ni amri: H ni vichwa, B ni vitufe, F ni sehemu za fomu. Katika hali ya kujaza, herufi ni herufi. NVDA hubadilisha yenyewe unapoingia kwenye kisanduku cha kuandikia, kwa sauti fupi ya kuashiria, na wewe unaweza kubadilisha kwa Insert+kitufe cha nafasi. Asiyelijua hili huandika jina lake, anasikia vichwa vya ukurasa vikitajwa, anadhani tovuti imeharibika. Kila unapopata jambo la ajabu, jiulize kwanza uko katika hali ipi.

Ingia kwenye kila kisanduku kwa Tab na usikilize kama jina lake linatajwa. Maandishi ya kijivu yaliyo ndani ya kisanduku hayatoshi kuwa lebo; mtu akianza kuandika yanatoweka, na mwenye shida ya kumbukumbu hajui tena alikuwa anajaza nini. Tumia label, uiunganishe na kisanduku kwa for na id.

Halafu kosea makusudi. Acha sehemu ya lazima wazi, bonyeza Tuma. Hapa ndipo palipokuwa kimya.

Kabla ya kulaumu msimbo, hakikisha kisoma skrini chenyewe kinazungumza. Insert+S hubadilisha namna ya kusema, na kuna namna ambayo ni kimya kabisa. Mtu huibonyeza bila kujua. Fungua ukurasa mwingine usikilize. Funga zana za msanidi za kivinjari, kwani fokasi ikiwa huko unapima dirisha lisilo lako.

Sisi tulithibitisha hayo yote na bado kimya kilikuwepo. Mwenzangu alikuwa ameweka aria-live="polite", alama inayokiambia kisoma skrini kitangaze mabadiliko, kwenye kisanduku cha ujumbe, jambo ambalo kwa maandishi ni sahihi. Tatizo ni kwamba kisanduku hicho kilizaliwa pamoja na ujumbe wake: ukibonyeza Tuma, msimbo unatengeneza div mpya, ikiwa na aria-live na maneno tayari ndani. Kisoma skrini husikiliza mabadiliko ndani ya kitu kinachokijua. Kitu kilichotokea sasa hivi, kikiwa kimejaa, mara nyingi hakihesabu kuwa kimebadilika. Programu ya kupima iliiona aria-live ikaridhika.

Tulipokihamisha kisanduku kikawepo tangu ukurasa unafunguka, kikiwa kitupu, na msimbo ukawa unaingiza maneno tu, Speech Viewer iliandika "Nambari ya simu inahitajika". Tukafurahi. Tukabonyeza Tuma tena bila kurekebisha, kimya. Maneno yalikuwa yaleyale, hakuna kilichobadilika, hivyo hakuna kilichotangazwa. Ikabidi msimbo ufute maneno kwanza, usubiri kidogo, ndipo uyarudishe. Kisha ikatokea ya tatu: msimbo ulikuwa unahamisha fokasi kwenda kwenye kisanduku chenye kosa papo hapo, na kusomwa kwa jina la kisanduku kukaukata ujumbe katikati.

Baada ya hayo yote tuliacha njia hiyo, na ushauri wangu ni uiache pia kwa makosa ya fomu. Hamisha fokasi kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa, kipe aria-invalid="true", na uunganishe ujumbe nacho kwa aria-describedby. Hivi ndivyo inavyosikika: jina la kisanduku, kwamba hakiko sahihi, kisha sababu. Kila mara mtu akirudi hapo ataisikia tena, akiwa na haraka au bila haraka. Acha aria-live kwa habari ndogo zisizohitaji mtu ahame alipo, kama "matokeo 12 yamepatikana".

Hatua ya 5: Programu za kupima

Sasa, wala si mapema, endesha axe au WAVE. Zinafaa kwa vitu vinavyohesabika: picha isiyo na alt, lebo iliyokosekana, rangi zilizofifia. WebAIM, shirika linaloshughulikia tovuti kwa watu wenye ulemavu, huchunguza kurasa za mbele milioni moja kila mwaka tangu 2019, na maandishi yaliyofifia ndiyo huongoza. Maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa 4.5:1 dhidi ya mandhari yake, makubwa 3:1. Tofauti ni ndogo sana kuliko jicho linavyodhani: #767676 juu ya nyeupe inapata 4.54 na kupita, #777777 inapata 4.48 na kuanguka. Maandishi juu ya picha utayapima mwenyewe, kwani programu haziwezi kuamua.

Alama 100 ya programu haimaanishi fomu inajazika. Na usinunue ule msimbo wa mstari mmoja unaoahidi kurekebisha tovuti nzima kwa kuweka kitufe pembeni. Div ya bandia inabaki div, na mtumiaji wa kisoma skrini tayari ana mipangilio yake mwenyewe.

Hatua ya 6: Simu

Rudia safari kwa TalkBack, kisoma skrini cha Android, au VoiceOver ya iPhone. Telezesha kidole kulia kwenda mbele, gusa mara mbili kufungua. Kitu cha kugusa kiwe na angalau pikseli 24 kwa 24, au kiwe na nafasi ya kutosha kukizunguka.

Hatua ya 7: Waite wenyewe

Mtafute anayetumia kisoma skrini kila siku, anayetumia kibodi peke yake, asiyesikia, mwenye shida ya kusoma. Mlipe kama unavyomlipa fundi mwingine. Mpe kazi ile uliyoiandika katika hatua ya 1, kisha nyamaza. Usimwambie "kitufe kiko chini hapo". Akikawia, acha akawie. Kukawia kwake ndicho kitu ulichokuja kukitafuta. Yule aliyetuandikia alipoijaribu fomu upya, alisikiliza kwa kasi ambayo sisi hatukuambulia neno, akamaliza, kisha akasema kiungo cha "Rudi" kina jina moja na kile cha ukurasa uliopita. Sisi hatukuwa tumekiona.

Kuandika kosa

Andika hivi: "Ukurasa wa usajili, NVDA na Firefox. Acha nambari ya simu wazi, bonyeza Tuma. Inatakiwa isikike sababu ya kosa. Kilichosikika: hakuna. Mtumiaji hawezi kumaliza." Bandika chini yake maneno ya Speech Viewer. Likisharekebishwa, rudia kuanzia hatua ya 2 kwenye ukurasa huo, kwa sababu marekebisho yetu ya kwanza yalihamisha fokasi na kuvunja Shift+Tab.