Kabla hujaongeza kilomita za wiki: mambo ya kuzingatia kwa mkimbiaji wa Dar

Mtu aliyemaliza marathoni kwa saa nne na nusu na sasa anaitaka saa nne, mara nyingi hahitaji mazoezi makali zaidi. Anahitaji kukimbia zaidi, polepole, kwa miezi. Miguu inayogoma baada ya kilomita ya 30 haijazoea kazi ya muda mrefu, na dawa yake ni kilomita za wiki zinazopanda kutoka 30 kwenda 40, kisha 50 na kuendelea. Kuzipandisha ni rahisi kwa wiki mbili tatu. Kazi ni kuzibeba miezi minne bila kuumia, na hilo huamuliwa na maandalizi ya mwanzo.

Anza kwa kujua ulipo. Chukua wiki nne zilizopita, jumlisha kilomita zote, gawa kwa nne. Aliyekimbia 45, kisha 18, 22 na 27 ana wiki ya kilomita 28, na mpango wake uanzie hapo, sio kwenye ile 45 anayoikumbuka kwa furaha. Halafu andika pembeni umbali mrefu kuliko yote uliokimbia kwa mkupuo mmoja ndani ya siku 30 zilizopita.

Namba hiyo ya pili ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Kwa miaka mingi wakimbiaji wamefundishana kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa 2008, uliwapa baadhi ya wanaoanza kukimbia mpango wa kupanda taratibu kwa kanuni hiyo, na wenzao mpango wa haraka zaidi. Mwisho wa yote, walioumia walikuwa karibu sawa, kama mtu mmoja kati ya watano kila upande. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa wakimbiaji zaidi ya 5,000 waliofuatiliwa kupitia saa zao za mkononi. Hatari ya kuumia ilipanda pale mtu alipokimbia, kwa siku moja, zaidi ya asilimia 10 juu ya umbali wake mrefu wa siku 30 zilizotangulia. Kwa hiyo kama umbali wako mrefu ni kilomita 14, Jumapili hii usiende 20 kwa kuwa wenzako wa klabu wanakwenda 20. Fika nao kilomita saba na nusu, waage, geuka.

Ipo sababu ndani ya mwili. Pumzi hupatikana ndani ya wiki chache tu za mazoezi. Kano na mifupa haviendi kwa kasi hiyo. Mfupa unaopokea mishindo kila siku, mwili kwanza huondoa sehemu iliyochoka ndipo ujenge mpya, na ujenzi huo huchukua miezi. Katikati ya kazi hiyo mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Ndiyo maana watu hupata nyufa za mifupa kipindi kile kile ambacho pumzi imekaa sawa na wanajisikia wepesi kuliko wakati wowote. Wepesi huo usikudanganye ukaruka hatua.

Katika kuongeza, ongeza siku kabla ya kuongeza urefu. Mwenye kilomita 28 kwa siku tatu, tuseme 8, 7 na 13, aweke siku ya nne ya kilomita 5 za taratibu kabisa. Anafika 33 na hakuna siku iliyokuwa ngumu kuliko ilivyokuwa awali. Akae hapo wiki mbili ndipo aguse umbali wa Jumapili. Kila wiki ya nne ashuke kwa robo hivi, hata kama anajisikia vizuri.

Sasa mwendo, ambako wengi huharibu. Marathoni ya saa 4:30 ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita. Mkimbiaji wa kiwango hicho, siku zake za kawaida hapa Dar ziwe kwenye dakika 7 hadi 7:40, na kwa siku ya joto hata 8. Najua inauma kuona namba hizo kwenye simu wakati rafiki ameweka 5:50. Lakini kilomita 50 kwa wiki haziwezekani ikiwa kila siku ni mashindano. Kipimo tunacho tangu shule ya msingi: ukishindwa kuitikia wimbo wa mchakamchaka bila kukata pumzi, umekwenda haraka mno. Vile vikundi vya joging vya mtaani, vinavyopita Jumapili alfajiri na jezi za rangi moja wakiimba, viko kwenye mwendo sahihi kabisa wa kujenga msingi. Mazoezi ya kasi yabaki mara moja kwa wiki, na katika wiki zile unazoongeza kilomita yaache kabisa.

Piga hesabu ya muda. Kilomita 50 kwa mwendo wa 7:15 ni saa sita za kukimbia, bado kuoga, kula na kujinyoosha. Anayekaa Kimara au Mbagala na kuwa kazini Posta saa mbili asubuhi lazima awe barabarani anakimbia saa kumi na moja alfajiri, na hiyo maana yake ni kitandani saa tatu usiku. Usingizi wa saa saba ukiwa hauwezekani kwa ratiba ya nyumbani na foleni ya jioni, punguza lengo libaki 40. Arobaini zenye usingizi zinajenga kuliko hamsini za kuibia.

Joto la Dar linastahili mpango wake. Anayelenga Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari, kilele cha kilomita zake kinaangukia Desemba na Januari, kaskazi inavuma na hata usiku haupoi. Ndiyo maana nashauri msingi ujengwe wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ili Desemba ukute mwili umeshazoea umbali na unapambana na joto peke yake. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 za mazoezi kuzoea joto. Katika siku hizo usiongeze kitu.

Tatizo letu kubwa ni unyevu. Kinachopoza mwili ni jasho linalokauka. Hili la pwani linalodondoka kutoka kwenye viwiko limetoka bure. Alfajiri jua halipo, lakini unyevu uko juu, kwa hiyo mapigo ya moyo yatapanda kwa mwendo ule ule uliokimbia Julai bila shida. Fuata pumzi, acha saa. Hata mabingwa hupunguza. Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu, alikuwa wa pili kwenye marathoni ya Boston, Marekani, Aprili 2025 kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huo huo, kwenye joto na unyevu wa Tokyo, alitwaa dhahabu ya dunia kwa 2:09:48. Mbio za ubingwa zina hesabu zake za kuviziana, lakini kundi lote la mbele lilijua hali ya hewa ile haikuruhusu mwendo wa Boston.

Kuhusu maji, nunua mzani wa bei nafuu. Jipime bila nguo kabla ya kutoka, rudi, jifute jasho, jipime tena. Ukitoka na kilo 70 ukarudi na 68.6, na njiani ulikunywa nusu lita, umetoa jasho la takriban lita 1.9. Fanya hivyo siku ya baridi na siku ya joto, utajua kiwango chako badala ya kubahatisha. Na usinywe hadi uzito upande. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu baada ya Boston ya 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani madini ya chumvi, iliyoshuka chini ya kiwango cha kawaida, hasa wale walioongezeka uzito njiani. Dafu ni zuri baada ya mazoezi, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Chumvi itoke kwenye chakula.

Njia uzichague kabla. Daraja la Tanzanite lina hewa ya bahari, na ukiunganisha na Toure Drive hadi Masaki unapata mzunguko mzuri wa Jumapili. Chuo Kikuu, Mlimani, kuna vivuli na miinuko, ila miinuko inavuta kano ya kisigino, hivyo isiwe kila siku. Kwa siku za katikati ya wiki tafuta mzunguko wa kilomita tatu nne karibu na nyumbani ambao mashimo na mitaro yake unaifahamu gizani. Kimbia ukiyatazama magari, vaa kizibao kinachoakisi mwanga, na masikio yawe wazi, maana bodaboda huja kwa upande wowote.

Raba za mtumba za Karume si haramu, lakini zikague. Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma: ikiwa kisigino kimelala upande mmoja, mwenye nazo wa kwanza ameshazimaliza. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Isiporudi, imekufa, hata kama juu zinang'aa. Raba nyingi hudumu kilomita 500 hadi 800, kwa hiyo anayekimbia 50 kwa wiki atahitaji jozi mpya ndani ya miezi mitatu au minne. Weka hela hiyo kwenye bajeti mapema.

Chakula kiongezeke pia. Kilomita 20 za ziada kwa wiki, kwa mtu wa kilo 70, ni kama kalori 200 kila siku, sawa na chapati moja hivi. Wanaotaka kupungua uzito na kuongeza kilomita kwa pamoja ndio huishiwa nguvu. Mwanamke akiona siku zake zinaruka au zimekatika, na hana ujauzito, hiyo ni dalili kubwa kwamba mwili haulishwi vya kutosha. Aende hospitali, asisubiri mashindano yapite. Pima wingi wa damu kabla ya kuanza mpango. Maharage, dagaa na mchicha viliwe na ndimu au chungwa, na chai isogeze mbele kama saa moja, kwani huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kwa wanaofunga, angalia Ramadhani inaangukia wapi, maana hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwezi huo panga kulinda kilomita ulizonazo tu.

Mwisho, amua sasa, ukiwa mzima, ni maumivu gani yatakusimamisha. Uchovu wa misuli ya mapaja unaoisha ukipasha moto mwili, endelea nao. Maumivu ya mfupa wa ugoko au wa unyayo unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja, na yanayozidi kadiri unavyokimbia, simama siku hiyo hiyo ukamwone daktari. Usimeze diklofenaki ili umalize mbio ndefu. Dawa za aina hiyo pamoja na upungufu wa maji huumiza figo, na maumivu yaliyofunikwa huacha ufa ukue. Ukipata homa, pima malaria, na kumbuka dengi nayo ipo mjini. Usikimbie hadi homa iishe na nguvu zirudi.

Na wiki iliyopotea kwa homa, msiba au mvua ya masika haifidiwi. Aliyeacha akiwa na 42 na kurudi baada ya siku kumi aanze na 25, kisha 32, kisha 38, hata kama ratiba ukutani inasema 48.