Umeingia mradi wa anga kwenye kampuni kubwa ya teknolojia? Anza na kile kitakachouua

Ukishapata nafasi usikimbilie kazi inayowapendeza mabosi, tafuta kile kitu ambacho kikigoma mradi wote umekufa, anza nacho.

Angalia Loon ya Google, yale maputo ya intaneti yaliyopita hadi juu ya Kenya, kama kilomita 20 huko juu ambako ndege za abiria hazifiki, puto moja ukubwa wa uwanja wa tenisi. Walianza kuyaonyesha New Zealand Juni 2013. Sa shida yao ya mwanzo ilikuwa kuvuja, puto linakaa siku chache tu linashuka, maana katundu kadogo kama ncha ya sindano kanatosha. Wakafuatilia hadi sakafuni kiwandani, pale mafundi wanakanyaga plastiki yenyewe wakiiunga, wakaanza kuchunguza mpaka soksi walizovaa, na zile laini za manyoya ndo zikaonekana haziharibu sana! Hapo ndo napapenda kuliko pote, mtu na digrii zake ameinama anakagua soksi. Na wewe fanya hivyo hivyo, kilichoanguka kifuate kilipo, kiokote, kipekue, andika ulichoona siku ile ile. Baadaye puto lao moja lilikaa angani siku 312.

Afu soma hali ya hewa hata kama wewe kazi yako ni kuandika programu tu. Puto lile lilikuwa linapanda na kushuka kutafuta upepo unaoelekea linakotakiwa, asiyejua upepo hawezi kuliandikia chochote cha maana.

Hela uliza mapema. Julai 2020 walianza huduma ya intaneti ya 4G na kampuni ya simu ya Telkom Kenya, maputo kama 35, Januari 2021 wakatangaza wanafunga, gharama zilikataa kushuka. Kwa hiyo kila mwezi kaa na watu wa hesabu, muulizane kumfikia mteja mmoja wa kijijini kunakula shilingi ngapi, na huyo mteja simu ya 4G anayo?

La mwisho, tengeneza sehemu yako iweze kuchomolewa ikaishi peke yake. Mwanga wa leza uliokuwa unaunganisha puto na puto ulichukuliwa na Taara, mradi mwingine wa kampuni hiyo hiyo, ukaja kuvusha intaneti mto Kongo, Brazzaville mpaka Kinshasa, bila waya. Iliwezekana kwa sababu kazi ilikuwa imeandikwa na imepimwa, so anza kuandika ya kwako wiki hii.