Mtoto wako anafikiriaje? Mpime hapo hapo nyumbani

Wazazi wengi wa hapa Dar akili ya mtoto tunaipimia kwenye kuhesabu, ana miaka 3 kafika mpaka 100 basi mtaa mzima utajua, wakati kukariri na kufikiri ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukitaka kujua anafikiriaje vifaa unavyo jikoni. Haya majaribio mengi alianza nayo mwanasaikolojia mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, tena mengine kwa kuwaangalia wanawe mwenyewe.

Mtoto mchanga wa miezi 5 mpe rimoti achezee, halafu ifunike na khanga huku anaona. Wengi hawahangaiki nayo tena, wanageukia kitu kingine. Rudia akifika miezi 8 au 9, ataivuta khanga mwenyewe. (Watafiti wa baadaye waliona hata wa miezi 4 wanashangaa kitu kilichofichwa kikipotea kimiujiza, kwa hiyo usimwone hajui kitu.)

Miaka 4 ndo pana raha. Mimina juisi ya ukwaju kwenye glasi mbili zinazofanana, muulize ipi nyingi, atasema sawa. Sasa mbele ya macho yake hamishia moja kwenye glasi nyembamba ndefu, muulize tena. Atakwambia hii ndefu ndo nyingi, ukiirudisha anasema sawa, na wala haoni tatizo lolote. Usimcheke, usimsahihishe, muulize "kwa nini?" halafu nyamaza umsikilize. Vita vya chapati vinatokea hapo hapo, kaka yake kakatiwa vipande vinne yeye kapewa nzima, analia kaonewa. Kumwelekeza utajichosha bure, kata na ya kwake yaishe. Hata bibi akipiga simu kutoka Tanga akamuuliza umekula, mtoto anatikisa kichwa tu kimya, sio jeuri jamani, anadhani bibi anamwona.

Kuanzia miaka 7 hivi atakujibu "si umemimina tu, hujaongeza". Huyo mtume dukani na elfu tano, akirudi mpige hesabu ya chenji pamoja. Mwanasaikolojia wa Kirusi, Vygotsky, alisisitiza kazi iwe imemzidi kidogo, wewe uwe pembeni kumsaidia, akishaweza unajitoa.

Miaka 12 kwenda juu muulize ya kufikirika: ingekuwaje Kariakoo yote ikihamia Kibaha? Mdogo atabisha haiwezi kuhama, huyu ataanza kukupangia nauli, foleni, kodi za fremu. Na sheria zako atazibishia kama wakili, halafu jioni unamwona juu ya bodaboda bila helmeti, maana sehemu ya ubongo inayozuia papara inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu.

Miaka yote hii ni ya kukadiria, kuna wanaowahi na wanaochelewa. Ila wa mwaka 1 hageuki hata ukimwita jina, huyo mpeleke kliniki. Na lile jaribio la juisi usilifanye mbele ya dada mtu, atamnong'oneza jibu.