Pampu ya uume baada ya upasuaji wa tezi dume: namna ya kuitumia bila kukata tamaa

Wanaume wengi ninaowahudumia baada ya kuondolewa tezi dume kwa sababu ya saratani hunijia na pampu iliyokaa kabatini miezi miwili, wakiamini kwamba ni mbovu. Karibu kila mara pampu huwa nzima, ila hewa inavuja mahali ambapo silinda, yaani bomba linalovalishwa uume ili pampu ifyonze hewa iliyomo, inakutana na ngozi. Kwa hiyo msomaji asishangae kuona hatua ya nne imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya kifaa hiki. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hupita kandokando ya tezi dume, kushoto na kulia. Hata daktari akifaulu kuihifadhi, kwa njia ambayo Patrick Walsh aliianzisha mwaka 1982, mishipa hiyo huvutwa na kuchubuka, na inaweza kuchukua miezi 18 hadi 24, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuamka. Muda wote huo uume haupati ile misimamo ya usingizini ambayo huuletea damu yenye oksijeni, na matokeo yake ni kwamba misuli yake ya ndani hukakamaa na uume wenyewe hufupika. Pampu haiponyi mishipa ya fahamu, na yeyote anayekuahidi hivyo anafanya biashara tu. Inachofanya ni kuvuta damu iingie na kuunyoosha uume ili usisinyae wakati mishipa ikiendelea kupona.

Hatua ya 1: Ruhusa ya daktari

Usianze kabla mpira wa mkojo haujatolewa na vidonda havijapona. Madaktari wengi huruhusu kati ya juma la 4 na la 8. Mweleze daktari mapema iwapo unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una ugonjwa wa selimundu, au uliwahi kupata msimamo uliokataa kushuka kwa saa nyingi.

Hatua ya 2: Kuchagua kifaa

Sharti langu ni moja: kiwe na vali ya usalama inayozuia mvuto usipite kiasi. Pampu za starehe zisizo na vali hiyo sizikubali kabisa, hata ziwe rahisi namna gani. Napendelea pampu ya mkono kuliko ya betri, kwa kuwa mkono unahisi mvuto ukipanda na unajua pa kuishia. Mwenye baridi yabisi ya vidole, hata hivyo, atumie ya betri.

Hatua ya 3: Kojoa kwanza

Hatua ya 4: Kuziba hewa

Hapa ndipo nilipopotezewa saa tatu na mzee mmoja. Kila alipopampu, uume uliinuka kidogo, ikasikika sauti nyembamba ya fyuu, kisha ukalala tena. Nilibadilisha kofia ya pampu, nikabadilisha mpira wa mdomoni mwa silinda, nikafikia hatua ya kumwambia akirudishe kifaa alikokinunua, na kosa lilikuwa langu. Alikuwa ameketi kitini ameinama, mkunjo wa tumbo lake ukiusukuma mdomo wa silinda pembeni. Alipolala chali na kuweka mto chini ya magoti, hewa ilikoma kuvuja mara moja.

Tangu siku hiyo huanza na mkao: lala chali, au simama ukiegemea ukuta. Kisha punguza mavuzi kwa mkasi kuzunguka shina la uume. Usinyoe kwa wembe, kwa sababu vipele vinavyofuata vitauma kila mdomo wa silinda unapovigusa. Paka jeli ya kulainisha yenye asili ya maji kwenye shina la uume, kwenye ngozi ya kinena upana wa vidole viwili kulizunguka, na kwenye mdomo wa silinda ndani na nje. Wagonjwa wangu huibania kana kwamba ni dawa ya macho. Ipake kwa wingi. Mafuta ya mgando usiyatumie, kwani huharibu mpira na ni magumu kuosha.

Bana silinda kwenye mfupa wa kinena kwa mkono mmoja, kwa uthabiti lakini bila kujiumiza. Ukisikia fyuu, pitisha kidole chenye jeli polepole kuzunguka mdomo wa silinda. Mahali sauti inapobadilika ndipo hewa inapopita. Ikiwa ngozi ya korodani inavutwa ndani, na itakuuma ikivutwa, achia mvuto, ishushe kwa vidole, elekeza silinda juu kidogo, uanze upya. Silinda iliyo pana mno huvuta korodani kila mara, hivyo omba kipunguza upana kabla ya kulaumu mbinu yako.

Hatua ya 5: Kupampu

Pampu mara mbili au tatu, subiri, kisha ongeza. Uume ukishajaa, ushikilie dakika moja au mbili, achia mvuto, rudia. Zoezi zima lichukue dakika 10 hivi, kila siku. Maumivu maana yake umekwenda kasi. Vidoa vidogo vyekundu chini ya ngozi hutokea na huisha vyenyewe. Mchubuko mkubwa ni sababu ya kupumzika na kumwona daktari. Katika zoezi hili usivae pete ya kubana shina la uume (tutaifikia katika hatua ya 7), kwa sababu pete huizuia damu isitoke, na shabaha yetu ni kuingiza damu mpya tena na tena.

Hatua ya 6: Kumaliza

Bonyeza vali kwanza, ndipo uondoe silinda. Osha silinda kwa maji ya vuguvugu na sabuni, lakini kichwa cha pampu usikiloweshe.

Hatua ya 7: Pete, kwa tendo la ndoa tu

Itelezeshe pete kutoka kwenye silinda hadi shinani kabla ya kuachia mvuto. Tarajia uume wenye ubaridi na rangi ya buluu kidogo, unaoyumba kwenye shina kwa kuwa sehemu iliyo nyuma ya pete haijajaa damu. Mweleze mwenzi wako mapema asije akashtuka. Pete isizidi dakika 30, na usilale nayo kamwe. Kazi ya kuangalia saa mpe mwenzi wako, maana wewe utasahau.