Stelingi Hafi, Sawa, Lakini Kwa Nini Hafi? Namna ya Kukagua Kama Stori Imemsaliti Mhusika

Tahadhari kabla ya yote, humu nitataja vifo na mwisho wa Game of Thrones, ile tamthilia ya HBO ya koo zinazogombea kiti cha enzi, bila kuficha kitu, kwa hiyo kama bado unaiangalia ishia hapa hapa, maliza kwanza ndo urudi.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria moja, stelingi hafi. Unalipa, unabanana kwenye benchi, dakika tano tu jamaa wa nyuma ashakuonyesha stelingi nani na adui nani, na kuanzia hapo risasi zikimwagika kama mvua unajua hazimpati. Kwa muvi ya saa moja na nusu hiyo haina shida kabisa maana umekuja kuona atashinda vipi. Shida iko kwenye hizi tamthilia unazoishi nazo miaka. Game of Thrones ilianza 2011 ikaisha 2019, episodi 73, mtu ameanza yuko shule kamaliza ana mtoto. Ukishampa mhusika muda wote huo unamjua kama unavyomjua ndugu yako, na siku akifanya kitu ambacho si chake unajua mara moja, hata kama huwezi kueleza umejuaje.

Hapo kwenye kueleza ndo penye kazi. 2019 ilivyoisha watu zaidi ya milioni moja na nusu walisaini ombi mtandaoni sizoni ya nane irudiwe upya, lakini mabishano mengi niliyoyasikia yalikuwa ni "mbovu", "hapana nzuri", "hujaelewa wewe", basi. Mi niliumia sana na ule mwisho na nikataka kujua naumia kwa sababu ipi hasa, ndo nikaanza kuangalia tena toka mwanzo na daftari mkononi. Haya ndo ninayofanya mpaka leo kwa tamthilia yoyote, nitatumia hiyo hiyo moja kwa mifano.

Anza na sentensi tatu kwa kila mhusika mkubwa. Anataka nini, anaogopa nini, na kitu gani hawezi kukifanya hata umuwekee kisu shingoni. Ila usiandike kile wanachosema watu kuhusu yeye, wala anachojisemea mwenyewe, andika ulichomwona anafanya wakati kufanya hivyo kunamgharimu. Chukua Ned Stark, bwana wa Winterfell na mkono wa kulia wa mfalme. Mfalme Robert anataka Daenerys, binti wa mfalme aliyepinduliwa, auawe akiwa mjamzito, Ned anakataa na anarudisha cheo chake mezani. Sasa hapo ushaandika, huyu mtu hawezi kukubali mtoto auawe kwa ajili ya siasa. Baadae anagundua watoto wa Cersei, mke wa Robert, si wa Robert, na badala ya kwenda kwa mfalme moja kwa moja anamfuata Cersei mwenyewe anamwambia najua, chukua wanao ukimbie. Kwa nini? Kwa sababu anajua Robert atawaua wale watoto. Huruma ile ile. Na Cersei hakimbii, ndo Ned anakatwa kichwa kwenye episodi ya tisa, na yeye ndo tuliyekuwa tunamwita stelingi, sura yake ndo iko kwenye bango. Inauma ila huwezi kulalamika hata neno moja maana kifo kimetoka ndani yake mwenyewe. Kila ukirudia kuangalia unatamani kumwambia baba nyamaza, na unajua hawezi kunyamaza, angenyamaza asingekuwa Ned.

Pili, kipimo cha "halafu". Hiki nimekitoa kwa wale jamaa wawili wa katuni ya South Park, Trey Parker na Matt Stone, waliwaeleza wanafunzi chuoni New York kwamba matukio yako yakiunganishwa na "halafu" stori imekufa, yanatakiwa yaunganishwe na "kwa hiyo" au "lakini". Kwa Kiswahili kinakubali vizuri sana. Andika matukio kwa mstari kwenda chini na katikati weka neno la kuunganisha, bila kujidanganya.

Jaribu na ile harusi ya sizoni ya tatu, ambapo Robb na mama yake Catelyn, mke wa Ned, wanauawa wakiwa wageni wa Walder Frey. Catelyn anataka binti zake warudi, kwa hiyo anamwachia kwa siri Jaime Lannister, pacha wa Cersei aliyekuwa mateka wao. Lakini Jaime alimuua mtoto wa Karstark, bwana mmoja wa jeshi la Robb, kwa hiyo Karstark amenyimwa kisasi chake, kwa hiyo anaingia usiku anawaua vijana wawili wa Lannister waliokuwa mateka. Robb ni mtoto wa Ned, haki ni haki, kwa hiyo anamkata kichwa Karstark kwa mkono wake, kwa hiyo jeshi la Karstark linaondoka. Sasa hana watu, kwa hiyo inabidi arudi kwa Walder Frey, lakini Frey ndo yule aliyeahidiwa kwamba Robb atamwoa binti yake ili wapite kwenye daraja, na Robb akaenda kuoa mwingine kwa mapenzi. Kwa hiyo. Hakuna "halafu" hata moja hapo! Mama anapenda wanae, kijana anapenda mke wake, baba anamlilia mtoto wake, mapenzi ya watu watatu yakaleta ile damu yote. Mimi hii naiona ni kazi kubwa kuliko majoka yote waliyoyatengeneza kwa kompyuta.

Alafu fanya hivyo hivyo na episodi ya sita sizoni ya saba. Jon, aliyelelewa na Ned, na wenzake wanavuka Ukuta wa barafu wa kaskazini kwenda kukamata mfu mmoja anayetembea ili wakamwonyeshe Cersei akubali kusimamisha vita. Kwa nini Cersei? Huyu ni mtu aliyelipua sept, yani hekalu, nzima na watu ndani, nani kati yao anaamini ahadi yake? Tyrion ni mdogo wake, anamjua toka yuko mtoto, na ndo anatoa hilo wazo. Ukifuatilia unakuta jibu liko upande wa pili, Night King, kiongozi wa wale wafu, alihitaji joka la Daenerys ili avunje Ukuta, kwa hiyo mtu ilibidi ampelekee joka. Yani stori ilishajua inataka kufika wapi ikawa inasukuma watu kama kete. Ukiona watu wenye akili wote wamekubaliana na mpango wa kijinga siku moja, angalia mpango ule umezaa nini mwishoni, mara nyingi utakuta hicho kilichozaliwa ndo waandishi walikuwa wanakihitaji.

Umbali na muda pia kagua, ila hapa kuwa na kiasi. Sizoni ya kwanza mfalme anatumia kama mwezi kutoka King's Landing, mji mkuu, kufika Winterfell. Kwenye ile ile episodi ya mfu, mwenzao Gendry anakimbia mpaka Ukutani, kunguru anapelekwa na barua mpaka Dragonstone, kisiwa cha Daenerys, Daenerys anaruka na majoka anafika kuwaokoa, na wakati wote huo wenzake wamesimama kwenye kijisiwa katikati ya barafu. Watu walishika kalkuleta hapo. Mi sikushika, kwa sababu kilometa si hoja sana, hoja ni kwamba safari zilikuwa zinafanya kazi. Jaime na Brienne, yule mwanamke mpiganaji, walijuana njiani, Arya, binti wa Ned, na Hound walijuana njiani, nusu ya watu tunaowapenda walitengenezwa barabarani wakiwa na njaa na matope. Safari zilipokatwa watu wakawa wanafika tu, na wanafika wakiwa vile vile walivyoondoka. Kwa hiyo ukikuta njia ya mkato jiulize tu, je wamekata na gharama pamoja nayo? Kama gharama iko pale pale, wasamehe.

Bahati sitakaa nayo sana. Emma Coats aliyekuwa kwenye kampuni ya katuni ya Pixar aliandika 2011 kwamba bahati ya kumwingiza mhusika kwenye matatizo ni nzuri, bahati ya kumtoa ni kudanganya. Hesabu tu ziko ngapi upande gani.

Kinachochanganya wengi ni hiki, kosa la mhusika na kosa la mwandishi. Mtu anasema "Robb mjinga, plot mbovu". Hapana, Robb kukosea ndo stori yenyewe, kijana anayependa, tena ulishaonyeshwa anavyopenda, na kosa lake analilipa na mama yake analilipa. Kosa la mwandishi ni pale mhusika anapoacha kujua kitu anachokijua. Sizoni ya nane episodi ya nne, wako Winterfell mezani na ramani, wanazijadili meli za Euron, mshirika wa Cersei, baadae kidogo Daenerys yuko juu angani mchana kweupe, bahari nzima iko chini yake, na meli zile zile zinamshtukiza zinamwangusha joka lake Rhaegal. Kwenye video ya nyuma ya pazia mtengenezaji mwenyewe, David Benioff, akaeleza kwamba Dany, yani Daenerys, alikuwa kama amezisahau meli za Euron. Hiyo kauli mi iliniumiza kuliko kifo cha joka. Mama anaenda vitani na watoto wake wawili waliobaki, yani yale majoka, anasahau?

Sasa tufike kwa Daenerys mwenyewe na pale anapouchoma mji wa King's Landing na watu wake, maana hapa ndo watu wanagombana mpaka hawasalimiani, na naomba twende taratibu.

Wanaotetea wana hoja nzito, usiwapuuze. Alimchoma mchawi Mirri Maz Duur akiwa hai sizoni ya kwanza. Kwenye mji wa Meereen alitundika mabwana wa watumwa 163 msalabani kwa hesabu ya watoto watumwa 163 waliotundikwa njiani. Sizoni ya saba akamchoma bwana Tarly na mwanae. Moto upo toka mwanzo, na kabla ya ule mji alishampoteza Jorah na Missandei, watu wake wa karibu, na Rhaegal. Kwa hiyo anayesema "imetoka hewani" hajaangalia vizuri. Lakini rudi kwenye zile sentensi tatu, angalia kilichomgharimu. Mwisho wa sizoni ya nne anakuja baba mmoja mchungaji kabeba kitambaa, ndani mna mifupa ya binti yake mdogo, joka Drogon kamchoma. Na Daenerys anafanya nini, anawashusha majoka wengine wawili, Viserion na Rhaegal, chini ya ardhi anawafunga minyororo yeye mwenyewe huku analia na wao wanalia, watoto pekee atakaowahi kuwa nao, kwa ajili ya mtoto mmoja wa mchungaji asiyemjua. Wengi aliowachoma na kuwatundika kabla ya ule mji ni watu waliomkosea au waliokataa kupiga magoti. Kwenye The Bells, episodi ya tano ya sizoni ya nane, mji umeshasalimu amri, kengele zinalia, ameshashinda, waliobaki barabarani ni akina yule baba na binti yake.

Sisemi haiwezekani mtu huyo akafika hapo. Inawezekana kabisa, na ingekuwa stori kubwa. Nachosema ni kwamba kati ya minyororo na kengele panahitajika daraja, na daraja halikujengwa. Tunauona uso wake pale juu ya joka, kengele zinalia, anabadilika, na kuanzia hapo hatuuoni tena mpaka episodi inaisha, tunaona joka tu. Ule ndo muda tuliouhitaji kuwa naye kuliko wakati wowote. Sizoni sita za mwanzo zilikuwa na episodi kumi kumi, ya saba ikawa na saba, ya nane sita, wakati HBO walikuwa tayari kuongeza. Unahisi kabisa vilivyokatwa ni vipande vya hilo daraja.

Kwa hiyo kipimo ukibebe hivi, usiulize "angefanya hivi?" maana binadamu anaweza kufanya lolote, uliza "nimeonyeshwa hatua ngapi kati ya yule na huyu?", halafu zihesabu kwa kutaja matukio.

Kuna jambo moja ujifanyie mwenyewe pia kabla hujamhukumu mwandishi. Jiulize kama umekasirika kwa sababu stori imejivunja au kwa sababu haikukupa ulichotaka. Mi nilitaka Jon ndo amuue Night King, nilisubiri miaka, aliyekuja kumuua akawa Arya, nikapandwa na hasira. Nikarudi nyuma kuangalia. Kile kisu alichomuulia anakabidhiwa na ndugu yake Bran sizoni ya saba episodi ya nne, na episodi hiyo hiyo anapigana mazoezi na Brienne anaonyesha ule mchezo wa kuhamisha silaha mkono kwenda mkono. Imepandwa mbele ya macho yangu, nikafuta malalamiko. Bado nadai kuonyeshwa alivyowapita wale wote waliomzunguka Night King, hilo sifuti, ila kuua kwenyewe ni halali yake.

Ukitaka kuanza leo nakushauri sizoni ya tatu episodi ya tano peke yake. Humo Robb anamkata Karstark na anaamua kurudi kwa Frey. Humo pia Jaime, mkono umekatwa, amekaa kwenye maji ya moto na Brienne, anamweleza kitu ambacho hajawahi kukieleza, kwamba alimuua mfalme wake kwa sababu mfalme aliagiza mji mzima uchomwe na watu wake ndani. Miaka yote watu wanamwita msaliti na hakujitetea. Andika hiyo scene kwenye daftari neno kwa neno. Halafu nenda sizoni ya nane episodi ya tano, msikilize Jaime huyo huyo anamwambia Tyrion kwamba hakuwahi kuwajali sana watu wa mji ule, wenye hatia wala wasio na hatia. Ziweke kurasa mbili hizo pamoja, kisha tafuta katikati umeonyeshwa hatua ngapi.