Kabla ya kikao cha kwanza shuleni: kwa wazazi wakimbizi wenye mtoto mwenye ulemavu Marekani

Kwenye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu au Nakivale tulizoea hivi: karatasi ikija, unaweka dole gumba, unasogea ili na mwenzako ahudumiwe. Mazoea hayo yaache siku utakapoitwa shuleni kuzungumzia mwanao. Hapa hatua kubwa haianzi bila wewe kukubali, kwa hiyo elewa kwanza, sahihi baadaye.

Sheria ya Marekani iitwayo IDEA, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1975, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma bure katika shule ya umma, kwa kawaida tangu miaka 3 hadi 21. Awe hatembei, awe hasemi, awe hajawahi kukanyaga darasa. Aliye chini ya miaka 3 ana huduma zake za mapema. Mwulize daktari wake akuelekeze.

Usisubiri shule igundue yenyewe. Andika ombi la kutaka mtoto afanyiwe tathmini, hata mistari miwili ya Kiswahili, weka tarehe, baki na nakala. Ukishatoa idhini kwa maandishi, sheria ya shirikisho inataka tathmini ikamilike ndani ya siku 60, isipokuwa pale jimbo lilipoweka muda wake. Kukubali apimwe si kukubali huduma. Hizo zina idhini yake nyingine.

Suala la mkalimani nalisisitiza kuliko yote. Tafadhali usiende na kaka yake wa darasa la sita akutafsirie. Akisikia neno zito kuhusu mdogo wake atalimeza ili asikuumize, nawe utatoka hapo hujui lililosemwa. Ni wajibu wa shule kuleta mkalimani, na hulipi wewe. Waambie mapema lugha unayoielewa barabara. Kama ni Kibembe au Kinyamulenge, sema hivyo bila kuona haya. Na mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza, sheria inakataza.

Kusanya vielelezo. Fungua mfuko wa IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji) mliosafiri nao, utoe karatasi za hospitali. Kama karatasi zilipotea njiani, ushahidi ni wewe uliyemlea. Mrekodi kwa simu anavyoomba maji, anavyoshika kijiko, anavyopanda ngazi. Kama ana kifafa, andika kilianza lini, kinamshika kwa dakika ngapi, na ubebe pakiti ya dawa anayotumia. Taja na anayoyaweza: kama anatambua sauti ya kila mtu nyumbani, au anatulia akisikia nyimbo za kwaya, mwalimu ana pa kuanzia. Wapo waliowahi kuambiwa mtoto wao ni laana, ndiyo maana wanamzungumzia kwa kunong'ona. Mzungumzie kwa sauti yako ya kawaida.

Akionekana anastahili, mtaandika pamoja mpango wake wa elimu, wenyewe wanauita IEP, unaopitiwa walau mara moja kwa mwaka. Unaruhusiwa kwenda na mtu anayemfahamu mtoto, awe mchungaji au jirani. Usipoelewa, usitie sahihi siku hiyo. Omba ukausomewe nyumbani. Na kabla hamjanyanyuka, uliza kuhusu basi: kama mwanao anatumia kiti cha magurudumu, usafiri wake uandikwe humo humo kwenye mpango.